Kompyuta haiwaki? Usikimbilie kupiga Windows upya, tafuta kwanza imekwama wapi

Kinachoniuma kwenye hii kazi ya ufundi sio kompyuta iliyoungua madabodi (ile bodi kuu ya ndani), hiyo ikifa imekufa. Kinachoniuma ni kompyuta iliyokuwa na shida ndogo tu, alafu kabla haijanifikia kuna mtu ameshaipiga Windows upya, yaani kaifuta na kuiweka mpya, picha za watoto, ripoti za kazi, tasnifu ya mtu ya miaka kibao, vyote vimefutika, na ukija kuangalia tatizo lenyewe lilikuwa RAM (kile kibao cha kumbukumbu ya muda) imelegea. Yaani Windows haikuhusika kabisa.

Kwa hiyo mtu akiniambia "haiwaki" mimi namuuliza swali moja tu, imefika wapi ikakwama? Manake kompyuta haiwaki kwa mkupuo. Kwanza umeme unaingia, kisha BIOS, ile programu ndogo iliyomo kwenye madabodi, inajikagua yenyewe, inaangalia prosesa, RAM na kadi ya picha, ikiridhika inatafuta diski, ikiipata inakabidhi kazi kwa Windows, na Windows nayo inaanza kupakia madereva yake (programu zinazoendesha vifaa) mpaka ikufikishe kwenye neno la siri. Ukijua imekwamia hatua gani, zile za nyuma yake zote umeshazivuka na huna haja ya kuzigusa.

Tuanze na ile iliyokufa kabisa, hakuna taa hakuna feni. Kama ni laptopu chomoa chaji, toa betri kama ni ya kutoka, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kama sekunde 30 hivi, alafu rudisha chaji peke yake bila betri ujaribu. Watu wanaona kama uganga lakini kuna sababu, ile chipu inayosimamia umeme wa laptopu huwa inaganda na chaji iliyobaki ndani inaifanya iendelee kuganda, ukiimaliza inaanza upya. Kwa kompyuta ya mezani angalia swichi ya nyuma ya pawasapalai (lile boksi linalogawa umeme), na kama una mita pima, waya wa volti 12 unatakiwa uwe kati ya 11.4 na 12.6, ikishuka hapo badilisha pawasapalai nzima. Usiifungue hata kama umeichomoa, kapasita zake zinabaki na umeme wa kukudhuru.

Sasa hapa ndo penye mambo: feni inazunguka, taa ipo, kioo cheusi tii. Wengi wanasema madabodi imekufa. Subiri kwanza. Bonyeza Caps Lock, kama kataa kake kanawaka na kuzima basi mashine ina uhai na huenda tatizo ni kioo. Mulika kioo na tochi ya simu kwa pembeni, ukiona picha kwa mbali ujue ni taa ya kioo tu imekufa, au chomeka monita ya nje utajua mara moja. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha, hakikisha waya wa monita umechomekwa kwenye kadi na sio kwenye madabodi, hili nakutana nalo kila mara.

Kama sio kioo, nenda kwenye RAM. Zima, chomoa umeme, shika chuma cha boksi kidogo ili umeme tuli utoke mwilini, alafu toa RAM zote. Tazama yale meno yake ya rangi ya dhahabu, mara nyingi utakuta yamefifia au yana utando, chukua raba ya kufutia penseli uyasugue taratibu mpaka yang'ae, pulizia vumbi kwenye tundu lake, kisha rudisha moja tu. Kwenye laptopu inaingia ikiwa imelala kimshazari, unaisukuma mpaka meno yasionekane sana ndo unaikandamiza chini, vibanio vya pembeni vilie "ka". Washa. Ikigoma hamisha tundu, ikigoma jaribu ile nyingine. Milio nayo usiipuuze, hesabu mirefu na mifupi alafu tafuta maana yake kwenye kitabu cha hiyo madabodi, kila kampuni ina milio yake. Na kama umefunga RAM mpya za aina ya DDR5, mara ya kwanza kioo kinaweza kukaa cheusi dakika kadhaa mashine ikizisoma, iache usizime.

Ikionyesha nembo alafu ikasema haioni diski, chomoa flashi zote kisha ingia BIOS. Diski ipo kwenye orodha? Kama ipo angalia mpangilio wa kuanzia, yaani mashine inaanza na diski ipi. Angalia na tarehe pia, ikiwa imerudi miaka ya nyuma ujue kile kibetri cha CR2032 cha volti 3 kimeisha, BIOS imesahau setingi zake, na kuna mashine zikisahau zinabadilisha namna ya kusoma diski, basi Windows inatoa kioo cha bluu kumbe nzima. Kama diski haipo kabisa kwenye orodha na inalia tik tik tik, zima hapohapo. Usijaribu tena na tena, kila ukiwasha unaweza kuwa unakwaruza sahani zenye data yako.

Ikikwama kwenye vile vidoti vinavyozunguka, hapo ndo Windows inahusika, lakini bado sio kufomati. Izime kwa kushikilia kitufe ikiwa inaanza, rudia, ikishindwa mara kadhaa mfululizo Windows 10 na 11 zinakuletea zenyewe ukurasa wa matengenezo. Jaribu Startup Repair, ikishindwa ondoa apudeti ya mwisho, ikishindwa ingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu). Tarehe 19 Julai 2024 apudeti mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, iliangusha kompyuta kama milioni 8.5 dunia nzima kwa makadirio ya Microsoft, viwanja vya ndege vikasimama, na dawa ilikuwa kuingia Safe Mode na kufuta faili moja. Faili moja tu jamani!

Ila kuna kitu kinaitwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo, laptopu nyingi za Windows 11 zinafunga diski zenyewe bila mwenye mashine kujua, na ukigusagusa BIOS inaweza kukudai namba ya tarakimu 48. Itafute mapema kwenye akaunti yako ya Microsoft, bila hiyo data hutoi.

Na data itoke kabla ya majaribio makubwa. Tengeneza flashi ya Linux (mfumo mwingine mbadala wa Windows), washia hiyo, kopi mafaili yako kwenye diski ya nje. Kama diski inasuasua usianze na chkdsk (kikagua diski cha Windows), inaichosha bure, chukua nakala ya diski nzima kwa ddrescue (programu ya kunakili diski mbovu) kisha fanyia kazi ile nakala. Mafaili yakishakuwa pembeni, piga Windows hata mara tano ukitaka.