Kwa nini rivaroxaban humezwa pamoja na chakula?

Ukiandikiwa rivaroxaban ya miligramu 20, dawa ya kuzuia damu isigande, mfamasia atakuambia uimeze pamoja na chakula. Wengi hudhani sharti hilo ni la kulinda tumbo, kama tunavyoambiwa kuhusu diclofenac. Sivyo. Kidonge hicho kikimezwa na mtu mwenye njaa, takribani theluthi mbili tu ya dawa ndiyo inayofika kwenye damu. Kinachobaki hupita tumboni na kuishia chooni, na pesa yako pamoja nacho.

Dawa hii huyeyuka kwa shida sana kwenye maji. Kidonge cha miligramu 10 utumbo hukimudu, ndiyo maana hicho kinaweza kumezwa wakati wowote. Cha 15 na cha 20 huulemea. Chakula hulifanya tumbo lijimwage polepole na huita nyongo, hivyo dawa hupata muda wa kuyeyuka. Tunazungumzia mlo hasa, wali na maharage au ugali na samaki. Chai ya rangi peke yake haihesabiki.

Ndugu zake, yaani dawa nyingine mpya za kuzuia damu isigande, hawana sharti hilo. Apixaban na edoxaban humezwa ukiwa umeshiba au una njaa. Dabigatran nayo haijali chakula, ila ina miiko yake. Ni kapsuli, na ndani yake mna vichembe vyenye asidi kwa sababu dawa yenyewe haiyeyuki vizuri pasipo asidi. Ukiifungua na kumwaga vichembe kwenye uji, kama wafanyavyo watu wanaowauguza wazee wasioweza kumeza, kiasi kinachoingia mwilini hupanda kwa takribani asilimia 75, na hapo mzee anaweza kuvuja damu. Pia huharibiwa na unyevu, kwa hiyo hukaa kwenye chupa au pakiti yake ya asili, si kwenye kile kiboksi cha vidonge vya wiki nzima.

Dawa hizi nne huandikiwa hasa watu wenye bonge la damu mguuni au kwenye mapafu, na wale ambao moyo wao unapiga bila mpangilio hadi damu inatuama ndani yake, inaganda, kisha kipande kinapanda kichwani na kuleta kiharusi. Kwa miongo mingi kazi hiyo ilikuwa ya warfarin, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya kabla ya kuruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Warfarin hulizuia ini kutumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu. Ndiyo sababu anayeitumia huambiwa asibadilishe ghafla kiasi cha mchicha au kisamvu anachokula, na hupimwa INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, mara kwa mara ili ibaki kati ya 2 na 3 kwa wagonjwa wengi.

Hizi mpya haziigusi vitamini K. Dabigatran huikamata moja kwa moja protini iitwayo thrombini, na zile tatu nyingine huikamata iliyo hatua moja kabla yake. Mboga kula utakavyo, na foleni ya INR huna haja nayo. Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019.

Lakini hapo ndipo penye mtego, na kwa maoni yangu hausemwi vya kutosha. Mtu wa warfarin akizembea, INR humsuta. Wa rivaroxaban akimeza bila kula, au akiruka siku ili pakiti ifike mwisho wa mwezi, hakuna kipimo cha kawaida cha kliniki kitakachomuumbua. Isitoshe, nguvu ya warfarin hukaa mwilini siku kadhaa baada ya kuiacha, ilhali apixaban hupungua kwa nusu ndani ya saa 12 hivi, ndiyo maana humezwa mara mbili kwa siku. Ukikosa siku nzima, kinga imekwisha. Najua bei inaumiza, na dawa hizi ni ghali kuliko warfarin. Kama huimudu, mwambie daktari akurudishe kwenye warfarin. Warfarin inayopimwa ni bora kuliko apixaban ya kumeza siku moja na kuacha mbili.

Ukisahau, kanuni ya jumla ni nusu ya muda. Ya mara mbili kwa siku, imeze kama hazijapita saa 6. Ya mara moja kwa siku, kama hazijapita saa 12. Zikipita, subiri dozi ijayo na usirundike mbili. Wanaotibiwa bonge jipya la damu kwa rivaroxaban wana utaratibu tofauti katika siku 21 za kwanza, kwa hiyo hao wamuulize aliyewaandikia.

Kwa kwetu, jambo la kuogopa zaidi ya mboga ni kifua kikuu. Rifampicin inayokitibu huliamsha ini na utumbo kuziondoa dawa hizi haraka mno, hadi kinga dhidi ya bonge la damu inadhoofika. Carbamazepine na phenytoin za kifafa hufanya vivyo hivyo. Kinyume chake, ritonavir inayotumika kwenye baadhi ya dawa za VVU, na ketoconazole ya vidonge kwa fangasi, hupandisha kiasi chake kwenye damu. Kliniki ya moyo na kliniki ya kifua kikuu mara nyingi hazisomi faili moja, hivyo anayebeba habari ni mgonjwa. Diclofenac, ibuprofen na aspirini za dukani zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli ndiyo ya kuanzia.

Wapo pia wasiofaa kuzitumia kabisa. Mwenye valvu ya chuma hubaki kwenye warfarin. Mjamzito na anayenyonyesha hawapewi. Na wale ambao homa ya rumatiki ya utotoni iliharibu valvu zao, ugonjwa tulio nao wengi Afrika Mashariki, walifanyiwa utafiti wa INVICTUS uliochapishwa mwaka 2022 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 4,500 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Waliotumia dawa za jamii ya warfarin walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroxaban. Upya wa dawa haukuwasaidia.

Hata anayezifaa hapaswi kukaa miaka bila kupimwa chochote. Figo hupimwa angalau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi kwa wazee, kwa kuwa takribani asilimia 80 ya dabigatran hutoka kwa njia ya figo, wakati kwa apixaban ni kama robo tu. Mfungaji wa Ramadhani azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama. Rivaroxaban ya mara moja inaweza kukaa na futari, lakini kwa dawa za mara mbili kwa siku, kati ya daku na futari hakuna saa 12 kamili kila upande.

Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, au pigo la kichwa hata kama unajisikia mzima, nenda hospitali. Daktari wa zamu atataka kujua jina la dawa, miligramu, na saa uliyomeza ya mwisho, kwa sababu saa hiyo ndiyo itakayomwonyesha dawa iliyobaki mwilini ni nyingi au inakaribia kuisha. Iandike nyuma ya pakiti, na nyumbani wajue pakiti inakaa wapi.