Kokoto chini ya chungu hazisaidii maji kutoka

Wengi wanaoanza bustani ya mboga nyumbani huambiwa watandaze kokoto chini ya chungu kabla ya kutia udongo, ili maji yatoke upesi na mizizi isioze. Imani hiyo ni ya miaka mingi, lakini si sahihi. Maji hushikiliwa na vitundu vidogo vya udongo, wala hayashuki kwenye nafasi kubwa zilizo kati ya kokoto mpaka udongo ulio juu yake uwe umelowa chepechepe. Chukua sponji iliyoloa, uishike ikiwa imelala: itachuruzika kidogo, kisha itaacha, ingawa upande wake wa chini bado umejaa maji. Isimamishe wima, na maji mengine yatadondoka, kwa sababu kimo kimeongezeka. Kokoto hufanya kinyume chake: hupunguza kina cha udongo na kulisogeza tabaka lenye maji karibu na mizizi, jambo ambalo mnyanya hauvumilii. Kinachohitajika ni matundu ya kutosha kwenye kitako cha chungu (kipande cha wavu kitazuia udongo usimwagike) na udongo tifutifu uliochanganywa na mboji iliyoiva.