Je, wajua hatari ya virusi vya popo kwa binadamu hupimwaje?

Kila ikizuka habari ya Ebola, Marburg au korona, popo ndiye anayetajwa mwanzo. Na Pemba tuna popo wetu, asiyepatikana pengine popote duniani: mkubwa, manyoya ya kahawia iliyoingia wekundu, mabawa yake yakifunguliwa hukaribia mita 1.6. Mchana hujining'iniza kwa mamia kwenye miti ya Kidike, si mbali na Chake Chake, na katika msitu wa Ngezi. Magharibi huondoka kutafuta embe, shelisheli na matunda ya porini. Swali basi huja lenyewe: huyu anayelala juu ya mti nyuma ya nyumba za watu, ana virusi? Na kama anavyo, tuogope kiasi gani?

La kwanza halina ugumu. Anavyo. Mbuzi anavyo, kuku anavyo, na wewe unayesoma unavyo. La pili ndilo kazi, na watu wengi wakishajibiwa la kwanza huona la pili limeshajibiwa.

Ili kirusi cha mnyama kiwe maradhi ya watu, mambo kadhaa lazima yatokee kwa kufuatana. Mnyama awe ameambukizwa, tena awe anakitoa kirusi wakati huo huo kwa mkojo, mate, kinyesi au damu. Kirusi kidumu nje ya mwili mpaka kimfikie mtu. Mtu akiguse, akivute au akile. Kikishaingia, kipate pa kujishikiza kwenye seli zake, maana virusi vingi vya popo haviwezi kabisa kuingia katika seli ya binadamu. Mwisho, kitoke kwa mtu huyo kwenda kwa mwenzake. Fikiria msafiri wa Tanga anayekwenda Makangale, kaskazini mwa Pemba: boti mpaka bandarini, gari mpaka Konde, kisha gari nyengine. Akikosa kipando kimoja tu, hakufika, hata vyengine viwe vimejaa tele.

Ndiyo maana wapimaji huzidisha, hawajumlishi. Hatua moja ikikaribia sifuri, hatari yote hukaribia sifuri.

Kazi yenyewe huanza kabla jua halijachomoza. Watafiti hutandika mashuka ya plastiki chini ya mti wanaolala popo, wakasubiri warudi kutoka malishoni. Popo akifika kitu cha kwanza ni kukojoa, na matone hayo hukusanywa na kuwekwa kwenye baridi kali kabla hayajaharibika. Maabara huyatazama kwa PCR, kipimo kile kile tulichokizoea wakati wa korona. Kikitoka chanya, maana yake kirusi kilikuwa kinatoka asubuhi hiyo. Damu hutoa habari nyengine: kingamwili zake, yaani askari ambao mwili huwaunda dhidi ya kirusi, husema popo huyu aliwahi kuambukizwa, lakini si lini, na wala si kwamba leo anaambukiza. Vichwa vya habari vinavyotangaza virusi kugunduliwa kwa popo mara nyingi huruka tofauti hiyo, na mimi naona hapo ndipo hofu nyingi isiyo na msingi inapozaliwa.

Baada ya maabara huja alama. Mwaka 2021 wanasayansi wakiongozwa na Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha mfumo wa kuvipanga virusi 887 vya wanyama kwa kutumia vigezo zaidi ya 30: kirusi ni cha ukoo gani, kinakaa kwa wanyama wa aina ngapi, wanyama hao wanakutana na watu mara ngapi, misitu yao imekatwa kiasi gani. Aliyeshika nafasi ya kwanza hakuwa popo. Ilikuwa homa ya Lassa, ya panya wa Afrika Magharibi. Kirusi cha korona kilikuwa cha pili na Ebola cha tatu. Orodha kama hiyo husaidia kuamua pa kuanzia kutafuta, lakini haijui jikoni kwako kuna nini. Hilo linataka mtu wa hapa.

Tuchukue Nipah, kirusi kinachobebwa na popo wakubwa wa Asia, ndugu wa huyu wetu. Malaysia mwaka 1998 na 1999 kiliuguza watu 265 na kuua 105. Njia yake ilikuwa nguruwe: mazizi yalijengwa chini ya miti ya matunda, popo wakadondosha embe zilizotafunwa, nguruwe wakala, wafugaji wakaambukizwa na nguruwe. Sasa itazame Pemba. Mazizi ya nguruwe hatuna. Australia, kirusi cha Hendra, nduguye Nipah, kilipita kwa farasi mwaka 1994, na farasi pia si mnyama wetu. Njia mbili zimezibwa na dini na mazoea ya watu, bila daktari hata mmoja kuingilia.

Bangladesh ilikuwa vyengine. Kule Nipah haikuhitaji mnyama wa kati. Wagema hukwangua shina la mtende na kutundika chungu, usiku popo huja kulamba utomvu na kukojolea humo, na asubuhi watu hunywa ukiwa mbichi. Kwetu mnazi hugemwa kwenye karara, na wanaokunywa tembo hawatangazi; mpimaji wa hatari itabidi aulize kwa adabu sana. Dawa waliyoipata Bangladesh ni rahisi: kufunika pale palipokwanguliwa kwa kizuizi cha mianzi, popo asifike.

Inabaki embe. Mtoto anaokota dodo chini ya mwembe asubuhi, lina alama ya meno upande mmoja, anakata pale palipoumwa anakula palipobaki. Katika majaribio ya maabara, virusi vya Nipah na Hendra vilidumu kwenye nyama ya embe kuanzia saa chache hadi siku mbili, kutegemea aina ya tunda na joto. Kwenye kitu kikavu na joto kali hufa upesi zaidi. Nipah yenyewe haijawahi kuripotiwa kumuuguza mtu Afrika, kwa hiyo sisemi embe ni sumu. Nasema embe lenye jino la popo litupwe.

Na nyama? Zamani popo alikuwa kitoweo Pemba, na bunduki ziliposhamiri akakaribia kumalizika. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 alikuwa amebaki kidogo tu, ndipo vijiji kama Kidike vikaanza kumlinda, na leo wamepita 20,000. Mlo wenyewe si penye hatari kubwa, maana moto wa chungu huua virusi. Hatari iko kwenye kuchinja na kuchuna, damu mbichi na kidole chenye mchubuko. Utafiti wa Kameruni uliochapishwa 2014 ulikuta kingamwili za virusi vya jamii ya Nipah kwa watu wachache, na karibu wote walisema wamewahi kuchinja popo.

Sasa wapo watakaosema: basi tuwamalize, tupumzike. Uganda walijaribu. Katika mgodi wa Kitaka wachimbaji waliugua Marburg mwaka 2007, na baadaye popo wa mapango wakauliwa kwa maelfu. Waliporudi wengine, mwaka 2012, walioambukizwa walikuwa asilimia 13.3, wakati mwanzo walikuwa asilimia 5.1. Ukiwaua wakubwa waliokwisha kupata kinga, nafasi yao hujazwa na wadogo wasio na kinga, na kirusi hupata mafuta mapya. Mwaka huo huo Marburg ilizuka tena, katika mji wa Ibanda, si mbali na mgodi ule.

Lakini ukinitaka nitaje kirusi cha mnyama ambacho mtu wa Pemba ana sababu ya kukihofia, sitainua macho juu ya mti. Nitatazama chini, kwa mbwa. Kichaa cha mbwa kilitokomezwa kisiwani mwaka 2014 baada ya mbwa kuchanjwa, kikarudi 2016, na uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha hakikuwa masalia ya kile cha zamani bali kimeingizwa upya kutoka nje ya kisiwa. Chanjo zikarudiwa, kikaondoka tena 2018. Kirusi hiki hakiwezi kuleta janga la dunia, maana mtu hamwambukizi mtu, kwa hiyo kwenye mjadala wa janga lijalo husikii jina lake. Kwa aliyeumwa, hesabu ni nyengine kabisa: dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Hatari kwa ulimwengu na hatari kwa mtu mmoja ni vipimo viwili, na popo kwa kawaida huhukumiwa kwa kimoja tu.

Mbwa asiyejulikana akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, hata kama ni mkwaruzo, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanze chanjo. Usingoje uone kama mbwa atakufa.