Panya ndani ya nyumba: maswali yanayoulizwa sana kuhusu magonjwa na namna ya kumtoa

Hivi panya si anakula tu unga na kutoboa nguo, ugonjwa unatokea wapi hapo?

Unatokea kwenye mkojo wake kwanza. Panya anatembea huku anakojoa, vitone vidogo vidogo ambavyo vikishakauka huvioni kabisa, na anapita juu ya sahani, mfuniko wa ndoo ya maji, kopo la mtoto, kote huko. Watu wengi wanasubiri mpaka waumwe na panya ndo waanze kuogopa, wakati kuumwa ni njia mojawapo tu tena sio kubwa. Mkojo, mavi, mate, vumbi la kiota chake na viroboto anaowabeba mwilini, hivyo ndo vinaleta maradhi, na vingi unakutana navyo bila hata kumuona panya mwenyewe.

Magonjwa yenyewe ni yapi?

Ni mengi ila nitaje yale ya kuyajua. Kuna leptospirosi, wengine wanaiita homa ya mgunda. Vimelea vyake vinakaa kwenye mkojo wa panya (na wa wanyama wengine pia) na vinaweza kuishi wiki nyingi kwenye maji yaliyotuama au udongo wenye unyevu, alafu vinakuingia kupitia mchubuko kwenye ngozi, macho, pua au mdomo. Ndo maana baada ya mafuriko ugonjwa huu huwa unapanda, watu wanakanyaga maji machafu peku na miguu ina vidonda.

Kuna tauni, hii inapita kwa viroboto. Panya akifa kiroboto anamhama anatafuta damu nyingine na hiyo damu inaweza kuwa yako. Jambo hili lilielezwa na daktari Mfaransa Paul-Louis Simond mwaka 1898, na tauni haijaisha duniani mpaka leo, Madagascar ilipata mlipuko mkubwa mwaka 2017. Habari njema ni kwamba inatibika kwa antibayotiki mgonjwa akiwahi.

Homa ya Lassa iligundulika Nigeria mwaka 1969 na iko Afrika Magharibi, inatoka kwa panya wa jamii ya Mastomys ambao wanapenda kuingia majumbani, mtu anaipata kwa kula au kushika vitu vyenye mkojo au mavi yao, na ikishaingia kwa binadamu inaambukiza wengine kupitia damu na majimaji ya mwili. Hanta, ugonjwa wa kirusi cha panya, nayo unaivuta puani pamoja na vumbi. Mwaka 1993 iliua vijana wenye afya zao huko kusini magharibi mwa Marekani, na ile ya aina inayoshambulia mapafu inaua karibu watu wanne katika kila kumi wanaoipata. Ongeza salmonela, vimelea vya kuharisha. Inatosha, tuje nyumbani.

Nitajuaje kama ninao, maana sijawahi kumuona hata mmoja?

Kumuona ni mwisho wa safari, akishaanza kukatiza mchana mbele yako ujue mara nyingi wamekuwa wengi. Angalia mavi, yakiwa meusi, yanang'aa na laini ni ya juzi juzi, yakiwa ya kijivu na yanavunjika ni ya zamani. Angalia ukutani chini kabisa, panya anapita njia ile ile kila usiku huku anajisugua ukutani kwaiyo anaacha mstari mweusi wa mafuta. Kama bado una mashaka nyunyiza unga kidogo sakafuni pembeni ya ukuta kabla hujalala, asubuhi utakuta nyayo na mkia uliokokotwa, na zaidi ya hapo utaona nyayo zinaelekea tundu gani, hiyo ni taarifa ya maana sana.

Nimekuta mavi ya panya stoo, nifagie si ndio?

Hapana jamani, usifagie! Hapa ndo watu wanapojiumiza wenyewe. Ufagio unarusha vumbi lenye vimelea hewani na wewe umeinama juu yake unalivuta lote. Fungua madirisha na mlango uondoke kabisa, rudi baada ya nusu saa. Vaa glavu za mpira, na barakoa kama ipo. Changanya jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa, mwagia taratibu kwenye mavi na mkojo mpaka vilowe chapachapa, usipulize kwa nguvu, alafu acha dakika tano. Sasa futa kwa karatasi au kitambaa cha kutupa, weka kwenye mfuko wa plastiki, funga, weka ndani ya mfuko mwingine, funga tena. Piga deki sehemu yote kwa dawa ile ile. Glavu zioshe zikiwa bado mkononi kabla hujazivua, alafu nawa mikono kwa sabuni.

Panya aliyekufa naye fanya hivo hivo, usimshike mkia kwa mkono mtupu. Jiki usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya usafi, inaweza kutoa gesi mbaya sana. Na mama mjamzito asipewe kazi hii, kuna kirusi kingine cha panya kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Sumu gani ni nzuri?

Kila mtu anaanzia hapa na mimi nasema sumu iwe mwisho. Ukiua kumi na matundu yapo wazi na chakula kipo nje, wengine wanaingia, mimba ya panya ni wiki tatu tu na anazaa watoto wengi kwa mpigo. Anza na matundu. Panya mdogo anapita kwenye tundu ambalo penseli inaingia, yule mkubwa anahitaji upana wa kama sentimita moja na kidogo. Chukua tochi zunguka nyumba ndani na nje, angalia pale bomba linapoingia ukutani, chini ya mlango, kwenye dari, nyuma ya jiko. Ziba kwa simenti, au sokomeza waya wa kusugulia sufuria alafu uzibie na simenti juu. Povu, mbao au tambara peke yake atatafuna, meno yake hayaachi kuota.

Alafu mnyime chakula: nafaka na unga viingie kwenye ndoo au debe lenye mfuniko unaobana, vyombo vioshwe usiku huo huo, taka zifunikwe, chakula cha mbwa kisilale nje.

Baada ya hapo tega mitego ya kubana, mingi kwa pamoja, uiweke pembeni ya ukuta kile kichwa chenye chambo kikigusa ukuta. Panya mkubwa anaogopa kitu kipya, kwaiyo mwachie mtego una chambo ila haujategwa kwa siku kadhaa azoee. Mitego ya gundi siipendi, panya anakaa pale mzima anahangaika na kukojoa, unazidisha uchafu ule ule unaoukimbia.

Sumu nyingi zinazuia damu kuganda na kazi yake inaonekana baada ya siku kadhaa, kwaiyo mtoto akila anaweza kucheza vizuri tu kumbe hali inaharibika ndani. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo na pakiti ya sumu mkononi. Dawa za kuulia wadudu shambani usizichanganye na chakula kutega panya, zinaua watu. Na kama eneo lenu lina tauni, viroboto wauliwe kwanza au pamoja na panya.

Paka je?

Paka anasaidia kidogo ila hazibi tundu, na yeye mwenyewe anaweza kupata tauni au kuwaleta viroboto kitandani.

Homa ikinianza baada ya kusafisha au kukanyaga maji machafu?

Nenda kituo cha afya na useme mwenyewe habari ya panya, usisubiri kuulizwa. Homa, kichwa, misuli kuuma hasa mashavu ya miguu, macho mekundu, vyote vinafanana na malaria na mtu anaweza kuzungushwa na dawa za malaria wakati leptospirosi inakula figo. Tena dalili za leptospirosi zinaweza kuchelewa mpaka mwezi, za hanta hata wiki nane, kwaiyo hesabu nyuma vizuri kabla hujamwambia daktari kwamba hukugusa kitu.