Bonde la Saa Tatu: Jinsi Sayari za Mbali Zinavyonaswa Zikipita Mbele ya Nyota Zao

Ombi tunalolipokea mara nyingi kutoka kwa wageni ni hili: tuonyesheni picha ya sayari inayozunguka nyota nyingine. Nasi huwafungulia kompyuta tukawaonyesha grafu ya mwanga wa nyota moja, kila nukta ikiwa kipimo kimoja. Nukta mia kadhaa zimejipanga sambamba, kisha zinashuka kidogo, zinatambaa chini kwa saa mbili tatu, halafu zinapanda na kurudi pale pale zilipokuwa. Wapo wanaoficha kuvunjika kwao moyo, na wapo wasioficha. Lakini bonde hilo dogo ndilo lililotupatia takriban robo tatu ya sayari zaidi ya 6,000 zilizokwisha kuthibitishwa nje ya mfumo wetu wa jua. Picha halisi zipo, ila ni za sayari chache mno, kubwa na changa, zilizo mbali na nyota zao.

Huenda unaikumbuka Juni 2012, Zuhura ilipokatiza mbele ya jua. Waliotazama kwa miwani maalumu ya kukinga macho waliona kidoa cheusi cha duara kikisogea polepole juu ya uso wa jua kwa zaidi ya saa sita. Muda wote huo mwanga wa jua uliotufikia ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 0.1, na hakuna aliyehisi chochote. (Aliyekosa asubiri Desemba 2117.) Sasa lisogeze jua hilo mbali, mbali kabisa, mpaka libaki nukta moja ya mwanga. Kidoa hakionekani tena, hata kwa darubini kubwa kuliko zote. Upungufu wa mwanga, huo unabaki, ingawa nao unakuwa mdogo zaidi, kwa sababu Zuhura siku ile ilikuwa karibu nasi kuliko jua na hivyo ilionekana kubwa kuliko stahili yake.

Kina cha bonde hutupa ukubwa wa sayari. Kanuni yake inatosha kuandikwa kiganjani: gawanya kipenyo cha sayari kwa kipenyo cha nyota, kisha jibu ulizidishe kwa lenyewe. Mshtarii ina kipenyo cha karibu sehemu moja ya kumi ya jua, kwa hiyo ingezuia kama asilimia 1 ya mwanga. Dunia ni sehemu moja ya 109. Fanya hesabu na utaona ugumu wa kazi: katika kila chembe milioni moja za mwanga zinazotoka kwenye jua, Dunia ikipita inazuia 84 tu. Ukiwa huku chini, hewa inayotuzunguka peke yake huuyumbisha mwanga wa nyota kuliko hapo, na ndiyo maana sayari za kiasi cha Dunia kwenye nyota zinazofanana na jua zinatafutwa kutoka angani.

Tena si kila sayari hupita mbele ya macho yetu. Njia yake lazima iwe imelala karibu sawasawa na mstari wa kututazama sisi. Ikiinama kidogo tu, sayari hupita juu au chini ya nyota na hatujui lolote. Kwa sayari kama Dunia uwezekano huo ni kama 1 kati ya 215. Kwa majitu ya gesi, yaani sayari kubwa kama Mshtarii, yanayoizunguka nyota kwa siku tatu au nne, yakiwa yameikaribia mno, ni karibu 1 kati ya 10. Na hiyo iliyo kama Dunia, hata njia yake ikiwa imelala vizuri, itapita mara moja kwa mwaka, kwa saa zisizozidi 13 au hapo karibu. Ukitaka kuliona bonde lake mara tatu, ambacho ndicho kiwango cha chini cha kuanza kuliamini, huna budi kuikodolea nyota hiyo macho kwa miaka mitatu bila kupepesa.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1952 mwanaastronomia Otto Struve aliandika kwamba hakuna kinachozuia sayari kubwa kuizunguka nyota yake kwa siku chache tu, na kwamba kama zipo, baadhi zingepita mbele ya nyota zao na kupimika kwa vifaa vya wakati ule. Karibu hakuna aliyelifuatilia. Watu walikuwa wameufanya mfumo wetu wa jua kuwa kipimo cha mifumo yote, na kwetu Mshtarii huchukua karibu miaka 12 kumaliza mzunguko. Nani angekaa akisubiri bonde moja kila miaka 12? Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wakatangaza sayari ya nyota 51 Pegasi, jitu la gesi lenye mwaka wa siku 4.2. Waliipata kwa njia nyingine, ya kupima jinsi nyota inavyovutwa huku na huku na sayari yake, na mwaka 2019 wakapewa Tuzo ya Nobel. Ghafla ubashiri wa Struve ukawa na maana.

Bonde la kwanza lilipatikana Septemba 1999. David Charbonneau, akiwa bado mwanafunzi, na Timothy Brown waliielekeza darubini yenye kipenyo cha sentimita 10 tu kwenye nyota HD 209458, ambayo tayari ilijulikana kuvutwa na kitu kila baada ya siku tatu na nusu. Nyota ikafifia kwa takriban asilimia 1.5 kwa saa tatu, ikarudi. Kundi jingine likiongozwa na Gregory Henry likalinasa bonde hilo hilo mwezi Novemba. Ninachopenda zaidi katika kisa hiki ni kilichofuata: vipimo vya zamani vya Hipparcos, satelaiti ya Ulaya, vilipopekuliwa upya, mabonde ya sayari hiyo yakakutwa humo, ya tangu mwaka 1991. Ushahidi ulikuwa umekaa kwenye data miaka minane, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuutazama.

Ili uone kazi inavyokwenda, tuchukue usiku mmoja. Nyota HD 189733 iko umbali wa takriban miaka-nuru 65 (mwaka-nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Sayari yake hupita kila baada ya siku 2.2, kwa muda usiofika saa mbili, na huzuia zaidi ya asilimia 2 ya mwanga, kiasi kinachoweza kupimwa hata kwa darubini ndogo ya uani yenye kamera nzuri. Unaanza kupiga picha saa nzima kabla ya muda uliokokotolewa, picha moja baada ya nyingine, na hufungi kazi mpaka saa nzima ipite baada yake. Picha unaziharibu kidogo makusudi: unalegeza fokasi ili mwanga wa nyota utawanyike kwenye pikseli nyingi badala ya kurundikana kwenye chache zikafurika. Zitakuwa picha mbaya kabisa za kumwonyesha mtu.

Baadaye programu inahesabu mwanga wa nyota yako katika kila picha, na matokeo ya kwanza hukatisha tamaa. Mstari unapanda kadiri nyota inavyopanda angani, unaporomoka wingu jepesi linapopita, unatikisika ovyo. Bonde halionekani popote. Hapo unaziingiza nyota jirani zilizomo kwenye picha zile zile. Wingu likipita, hufifia zote. Hewa ikichafuka, huchafuka kwa zote. Unagawanya mwanga wa nyota yako kwa mwanga wa majirani, picha kwa picha, na misukosuko yote waliyoipata kwa pamoja inafutika. Kinachobaki ni kilichoipata nyota yako peke yake. Mstari unatulia, na katikati yake kuna bonde.

Mradi mmoja uliochuma sana kwa mbinu hii uliitwa WASP. Kituo chake kimoja kilikuwa La Palma, kisiwa cha Hispania, kingine Sutherland nchini Afrika Kusini, na kila kimoja kilitumia lenzi nane za kamera za kupigia picha za kawaida. Miongoni mwa nyota zake ni WASP-71, ambayo mwaka 2019, kupitia Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ilipewa jina Mpingo, na sayari yake ikaitwa Tanzanite.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo habari za magazetini huiruka. Kupata bonde si kupata sayari. Kwa maoni yangu ujuzi wote wa kazi hii uko katika kushuku, kwa sababu anga limejaa vitu vinavyoiga sayari. Mwigaji mkubwa ni nyota mbili zinazozungukana. Nyota moja ikiikwangua nyingine pembeni tu, mwanga hupungua kidogo, kama vile sayari imepita. Umbo la bonde husaidia: sayari ndogo ikishaingia yote mbele ya nyota, bonde huwa na sakafu pana, ilhali nyota zinazokwanguana huacha ncha kali. Mabonde pia hulinganishwa, la kwanza na la pili, la tatu na la nne. Yakipishana kina, tunajua ni nyota mbili zinazofunikana kwa zamu.

Mwigaji mjanja zaidi hujificha nyuma. Jozi ya nyota hafifu zilizo mbali sana inaweza kuangukia pikseli zile zile za nyota yako angavu. Zinapofunikana, bonde lao kubwa huchanganyika na mwanga mwingi wa nyota ya mbele, likatoka dogo, la kupendeza, la kiasi cha sayari kamili. Dawa yake ni kuangalia kama kitovu cha mwanga kinasogea wakati wa bonde. Kikisogea hata kwa sehemu ndogo ya pikseli, aliyefifia ni mwingine.

Na hata waigaji hao wakishaondolewa, bonde limekupa kipenyo tu. Vitu vyenye kipenyo cha Mshtarii ni vya aina nyingi. Nyota kibete nyekundu (yaani ndogo na hafifu) TRAPPIST-1 ni kubwa kidogo tu kuliko Mshtarii kwa upana, lakini uzito wake ni zaidi ya mara 90. Ikipita mbele ya nyota kubwa zaidi, bonde lake halitofautiani na la sayari. Ndiyo maana inabidi kurudi kwenye njia ya Mayor na Queloz na kupima nyota inavyovutwa kiasi gani, ili tupate uzito. Uzito na kipenyo vikikutana vinatoa msongamano, yaani uzito kwa kila kipimo cha ujazo, na hapo ndipo tunapojua kama ni mwamba, ni gesi, au ni kitu kama sayari ya HD 209458, jitu lililofutuka kiasi kwamba lina msongamano mdogo kuliko maji.

Chombo kilichoikuza kazi hii kuliko vyote ni Kepler cha Marekani. William Borucki aliupeleka mpango wake ukakataliwa mara nne kabla ya kukubaliwa. Kikarushwa Machi 2009, kikaelekezwa kwenye kipande kimoja cha anga kati ya makundinyota ya Dajaja na Kinubi, na kwa miaka minne kikapima nyota zipatazo 150,000 pamoja, karibu kila nusu saa. Kiliwekwa magurudumu manne ya kukiweka sawa. Yalipotimia mawili yaliyoharibika, mwaka 2013, wahandisi walikigeuza ili msukumo wa mwanga wa jua wenyewe ukiegemeze, kikaendelea hadi mafuta yalipokwisha mwaka 2018. Kimeacha sayari zaidi ya 2,600. Mrithi wake TESS, aliyerushwa mwaka huo huo, hutazama kipande kikubwa cha anga kwa takriban siku 27 kisha huhamia kingine, akilenga nyota za karibu na angavu ambazo ni rahisi kuzifuatilia.

Nyota za karibu zina faida nyingine. Sayari inapopita, mwanga kidogo huchujwa na angahewa yake kabla ya kutufikia, na gesi zilizomo huacha alama zao. Mwaka 2002 darubini ya Hubble iliiona sodiamu kwa njia hiyo kwenye sayari ya HD 209458. Mwaka 2022 darubini ya James Webb ikaona kaboni dioksaidi kwenye sayari WASP-39 b. Wengi sasa wanaikodolea macho TRAPPIST-1, iliyo umbali wa miaka-nuru 40, yenye sayari saba za kiasi cha Dunia. Mwaka 2023 vipimo vya Webb vilionyesha kwamba ile ya ndani kabisa ina upande wa mchana wenye joto la takriban nyuzi 230 za Selsiasi, bila dalili ya angahewa nzito. Kwa hiyo ukisoma kichwa cha habari kinachotangaza “Dunia ya pili”, uliza kwanza ni nini hasa kilichopimwa. Mara nyingi utakuta ni kipenyo, na urefu wa mwaka, basi.

Darubini ndogo bado zina kazi, tena kazi ya lazima. Tuseme urefu wa mzunguko wa siku tatu na nusu umekosewa kwa sekunde 10 tu. Kosa hilo hujirudia kila mzunguko. Baada ya miaka 10 sayari imezunguka zaidi ya mara 1,000, na muda tuliokokotoa umepotoka kwa karibu saa tatu. Darubini kubwa, ambayo zamu yake iligombaniwa mwaka mzima, ingefungua jicho kwa saa iliyopangwa na kukuta sayari imekwisha kupita. Kwa hiyo watu wenye darubini za sentimita 15 au 20, kila mmoja mahali alipo, hurudia kuyapima mabonde yale yale yanayojulikana na kutuma saa walizoyaona, na ratiba za darubini kubwa hurekebishwa kwa namba zao.