Laminaitisi si kuoza kwato

Ng'ombe wa maziwa akichechemea tu, utasikia: "Kwato zimeoza, mpitishe kwenye mrututu," yaani josho la miguu lenye salfeti ya shaba. Wengine husema ana laminaitisi, wakidhani wametaja ugonjwa uleule kisomi. Sio uleule.

Laminaitisi ni uvimbe wa tishu hai zinazoushika ukwato kwenye mfupa wa kidole. Basi. Kinachopoteza watu ni jina. Wanasikia ndani yake neno la Kiingereza lame, yaani kiwete, na hapo kila ng'ombe kiwete anatiwa humo. Maneno hayo hayana undugu. Lamina ni Kilatini, bamba jembamba. -Itis imetoka Kigiriki, na matabibu huibandika kwenye majina ya uvimbe. Mabamba yenyewe yako nyuma ya ukuta wa ukwato, mikunjo myembamba iliyopangana kama matamvua ya samaki. Kwa nje huyaoni.

Kuoza kwato huanzia nje. Tope na mkojo hulainisha ngozi iliyo kati ya vidole viwili, kokoto huichubua, bakteria huingia. Mguu huvimba ghafla, homa hupanda, na uvundo wake ukishaunusa mara moja hutausahau.

Laminaitisi haivundi. Mara nyingi tafuta chanzo horini: ng'ombe amezaa juzi, anarundikiwa nafaka na pumba huku majani yakiwa haba, asidi inazidi tumboni. Nafaka zipandishwe polepole kwa wiki 2 hadi 3. Sakafu ya zege isiyo na matandiko humalizia kazi, maana ng'ombe asiyepata pa kulala husimama kutwa juu ya kwato zinazouma.

Halafu kuna suala la muda. Ukwato hukua takriban milimita 5 kwa mwezi, hivyo doa la damu unalolikuta leo ukichonga unyayo ni la madhara ya wiki 6 hadi 8 nyuma. Mfugaji analaumu tope la juzi!

Mrututu, kilo 5 kwa lita 100 za maji, hupunguza vijidudu kwenye ngozi. Kwenye mabamba haufiki. Hata mguu uliokwisha kuoza na kuvimba unahitaji antibiotiki ya daktari wa mifugo. Josho la miguu ni kinga zaidi kuliko tiba.

Kwa hiyo inua mguu, uoshe, tanua vidole, nusa. Ngozi ikiwa nzima na hakuna uvundo, usiseme kwato zimeoza. Sema anachechemea, inatosha kwa sasa, kisha kaangalie unyayo na hori.