Polima si plastiki peke yake: dhana potofu katika kuwaandaa walimu wa sayansi

Mwalimu wa sekondari hapa Dodoma akiombwa kutaja mifano ya polima, kwa kawaida huanza na chupa ya maji, ndoo na mfuko, kisha huishia hapo. Jibu hilo ni sahihi lakini ni finyu, na ufinyu wake unatokana zaidi na mafunzo aliyopewa kuliko uzembe wake. Dhana zifuatazo zinafaa kurekebishwa kwa walimu wenyewe kabla hazijafika kwa wanafunzi.

Dhana: Polima ni jina jingine la plastiki.

Plastiki zote zimeundwa kwa polima, ila polima nyingi si plastiki. Polima ni kitu ambacho molekuli zake ni minyororo mirefu ya vipande vidogo vinavyojirudia. Kwa hiyo wanga, pamba, katani, sufu na mpira wa asili vyote vimo. Mwaka 1920 mwanakemia Mjerumani Hermann Staudinger alipodai kwamba minyororo mirefu namna hiyo ipo kweli, wanakemia wengi walimpinga, wakishikilia kuwa ni molekuli ndogo zilizogandamana tu; Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1953. Mwalimu anayeona jambo hili ni gumu kuamini basi hayuko peke yake.

Ugogoni mfano wa karibu kabisa ni mlenda. Ukiuchota kwa mwiko na kuuinua, unavutika kama uzi kabla ya kukatika, kwa sababu ute wake una minyororo mirefu ya sukari inayoshika maji mengi na kusokotana. Maji yaliyokorogwa sukari ya dukani hayafanyi hivyo, kwani molekuli zake ni fupi. Mkufunzi akiweka bakuli hizo mbili mezani, atakuwa ameeleza uhusiano wa urefu wa molekuli na tabia ya kitu bila kuandika fomula hata moja.

Mtama nao unafundisha jambo la ndani zaidi. Wanga wa punje na selulosi ya bua vyote vimejengwa kwa glukosi, na tofauti iko katika namna glukosi moja inavyoungana na nyingine. Vimeng'enya vya binadamu hukata kiungo cha wanga lakini hushindwa na kile cha selulosi. Ndiyo maana sisi tunakula ugali na mabua yanabaki kwa ng'ombe, ambaye huyamudu kwa msaada wa vijidudu waliomo tumboni mwake. Watoto wa wafugaji hulidaka hili upesi, na mwalimu ajiandae kwa maswali yao.

Dhana: Bila maabara, mada hii haifundishiki.

Beseni la maji, mkasi na chumvi vinatosha. Kata kipande cha chupa ya maji ya kunywa na kipande cha kizibo chake, vizamishe, visugue kwa kidole ili mapovu ya hewa yatoke, kisha viachie. Kipande cha chupa, ambacho ni plastiki iitwayo PET, huzama. Cha kizibo, ambacho ni polipropilini au poliethilini, huelea. Ongeza kipande cha mwili wa kalamu ya wino yenye plastiki angavu, ambao mara nyingi ni polistirini: kwenye maji matupu huzama polepole, na maji yakikolea chumvi huelea, huku PET ikibaki chini. Walimu watabiri kwanza, ndipo wajaribu; wakianza kwa kujaribu, wanakumbuka mchezo na kusahau msongamano, yaani uzito wa kitu kwa ujazo wake, ambao ndio huamua kipi kizame na kipi kielee.

Dhana: Plastiki hutambuliwa kwa kuichoma.

Hapana, na mbinu hiyo isiingie darasani. Bomba la PVC likiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo huunguza macho na njia ya hewa.

Dhana: Mfuko mbadala si plastiki.

Mifuko laini inayofanana na kitambaa, iliyoenea baada ya katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019, kwa kawaida hutengenezwa kwa polipropilini, ambayo ni plastiki, kama ilivyo kwa salfeti za kuhifadhia nafaka. Namba iliyo ndani ya pembetatu kwenye chombo nayo hutaja aina ya plastiki, wala haithibitishi kwamba chombo hicho kitarejelezwa.

Dhana: Semina moja na kitini vinatosha.

Mwalimu anayesikiliza mhadhara hurudi shuleni na mhadhara. Utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, unawapa walimu nafasi ya kujifunza pamoja shuleni kwao, na mada hii inaufaa sana: mmoja afundishe wenzake jaribio la beseni, wamkosoe, kisha alipeleke darasani, na katika kikao kinachofuata alete utabiri ambao wanafunzi waliuandika kabla ya vipande kutiwa majini, hasa ule uliokosewa.